Gari limepoteza mtandao: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu kwenye simu iliyofungwa ndani ya gari

Programu kwenye simu yako inasema gari halipatikani. Taa ndogo kando ya kitufe cha SOS, iliyokuwa ya kijani siku zote, sasa ni nyekundu au imezima kabisa. Ramani ya kwenye skrini haionyeshi tena foleni. Gari lenyewe linatembea vizuri, breki zinashika, injini haina neno. Kilichokatika ni ile simu iliyofungwa ndani yake kiwandani.

Ukilipeleka kwa fundi asiyeujua mfumo huu, jibu litakuwa "moduli imekufa, nunua nyingine". Mara nyingi jibu hilo huja mapema mno. Moduli, yaani ile simu ya kiwandani, ni ghali, imefungamanishwa na namba ya chasi ya gari lake, na inapaswa kuwa kitu cha mwisho kushukiwa. Mwongozo huu unaanzia mbali, kwenye minara na akaunti, kisha unasogea ndani hadi kwenye waya na ubao wenyewe. Hatua za mwanzo hazihitaji hata bisibisi.

Njia ambayo amri moja hupita

Tuseme uko mbali na gari na umebonyeza "funga milango" kwenye simu. Amri inakwenda kwanza kwenye seva za mtengenezaji wa gari. Seva inahakikisha kwamba wewe ndiye mwenye akaunti na kwamba huduma haijaisha muda, kisha inaikabidhi kwa kampuni ya simu yenye mkataba na mtengenezaji. Kampuni inalitafuta gari kupitia mnara ulio karibu nalo. Mawimbi yanadakwa na antena, aghalabu ile ya juu ya paa yenye umbo la pezi la papa, yanashuka kwa kebo hadi kwenye moduli ya telematiki, na moduli inapeleka ujumbe kwenye waya za CAN, zile ambazo kompyuta za gari huzungumziana, mpaka kwa kompyuta inayosimamia milango. Jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo.

Kazi yako yote ni kujua mnyororo huo umekatikia wapi. Kwenye michoro ya umeme moduli hiyo huandikwa TCU, na baadhi ya watengenezaji huiita DCM. Usiichanganye na TCM, ambayo kwenye magari mengi ni kompyuta ya giaboksi. Herufi moja tu, lakini fyuzi utakayochomoa ni nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Jua gari lako lina nini

Si kila gari lenye skrini kubwa lina laini yake. Mengine huazima intaneti ya simu yako kwa Bluetooth au Wi-Fi, na mtandao ukipotea huko, tatizo liko kwenye simu, si kwenye gari. Dalili za gari lenye laini yake ni kitufe cha SOS darini karibu na kioo cha kati, programu inayoweza kuonyesha gari lilipo hata simu yako ikiwa mbali nalo, na ukurasa wa taarifa za mfumo kwenye skrini unaoonyesha IMEI na ICCID.

Tafuta ukurasa huo na upige picha. IMEI ni tarakimu 15 na ndiyo kitambulisho cha moduli. ICCID huanza na 89 na ndiyo namba ya utambulisho ya laini. Ukiwasiliana na huduma kwa wateja ya mtengenezaji, namba hizi mbili pamoja na namba ya chasi zitakuokolea muda mwingi. Tena, ikiwa sehemu ya IMEI iko tupu au imejaa sifuri, umeshapata jibu la maana: skrini haizungumzi na moduli. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Kuhusu laini yenyewe, mara nyingi hakuna kadi ya kuchomoa. Ni chipu iliyochomelewa kwenye ubao, na hupita kwenye njia binafsi ya data iliyofunguliwa kwa seva za mtengenezaji. Kwa hiyo wazo la "niweke laini yangu nyingine humo" lisahau. Hata ukikuta gari lenye kadi inayotoka, laini ya kawaida haitapokelewa na seva.

Hatua ya 2: Je, mtandao wenyewe bado upo?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Gari huishi miaka 15 au 20, lakini kizazi cha mtandao wa simu hakina ahadi hiyo. Huduma ya OnStar ya General Motors ilianza Marekani mwaka 1996 ikitumia mtandao wa analogi, na mtandao huo ulipoanza kuzimwa nchini humo mwanzoni mwa 2008, magari yaliyokuwa na vifaa vya analogi tu yalinyamaza. Historia ikajirudia huko huko na 3G, kampuni ya simu moja baada ya nyingine. AT&T ilizima yake tarehe 22 Februari 2022, Verizon ikamaliza mwishoni mwa mwaka huo huo. Japani, KDDI ilifunga 3G tarehe 31 Machi 2022. Australia, Telstra na Optus zilianza kuzima tarehe 28 Oktoba 2024.

Angalia gari lako limetengenezwa mwaka gani na moduli yake ni ya kizazi kipi. Mwongozo wa gari au ukurasa wa taarifa za mfumo utakuambia. Kama ni ya 3G pekee na 3G imezimwa unakoishi, hakuna antena, fyuzi wala programu itakayoirudisha. Njia zilizobaki ni mbili: kumuuliza mtengenezaji kama ana moduli mbadala ya 4G kwa modeli hiyo, au kukubali kwamba huduma imekwisha. Ukikubali, usiiache moduli ikihangaika. Baadhi ya moduli zisizopata mnara hutafuta usiku kucha zikila betri. Fundi anaweza kuizima kwa kompyuta, na hiyo ni bora kuliko kuchomoa fyuzi, kwa sababu fyuzi hiyo hiyo huenda inalisha maikrofoni ya simu au kifaa kingine.

Gari lililotengenezwa kwa soko la nchi moja kisha likapelekwa nchi nyingine lina shida yake ya pekee. Laini yake ina mkataba na kampuni ya kule lilikotoka na huenda haijaruhusiwa kutumia minara ya nchi nyingine. Masafa yake yanaweza kuwa tofauti na ya minara ya huku. Seva za mtengenezaji nazo hulitambua kwa namba ya chasi kama gari la eneo fulani. Kwa gari la namna hiyo, taa nyekundu ya SOS haimaanishi kuna kitu kimeharibika. Muulize mtengenezaji kwanza kama huduma inatolewa kwa namba hiyo ya chasi nchini ulipo. Akisema hapana, funga zana zako.

Kwa wenye magari ya soko la Ulaya kuna jambo la kuongeza. Mfumo wa eCall, uliokuwa lazima kwa aina mpya za magari kuanzia tarehe 31 Machi 2018, ulijengwa juu ya njia ya sauti ya 2G na 3G. Ajali ikitokea, gari hupiga namba 112 na kutuma fungu la data lisilozidi baiti 140, lenye mahali lilipo, mwelekeo na namba ya chasi. Gari linaweza kuwa na 4G safi kwa ramani na bado likategemea 2G kwa dharura, ndiyo maana programu inaweza kufanya kazi huku taa ya SOS ikilalamika.

Hatua ya 3: Akaunti, seva na saa

Sasa linganisha dalili, maana zinasema mengi.

Taa ya SOS ni ya kijani, ramani inaonyesha foleni, lakini programu ya simu haioni gari: gari ni zima. Tatizo ni akaunti, huduma iliyoisha muda, au seva. Toka kwenye programu, ingia upya, kisha angalia tarehe ya mwisho ya huduma. Kama ulinunua gari kwa mtu, kuna uwezekano mkubwa bado limefungwa kwenye akaunti ya mwenye zamani. Yeye ndiye anayepaswa kuliondoa, au mtengenezaji alitoe baada ya kuona hati zako za umiliki. Usilipuuze hili hata kama huihitaji programu: mtu aliyeliuza gari anaweza kuendelea kuona linapolala.

Programu inaliona gari siku za kazi tu, likikaa muda mrefu linapotea, na ukiliwasha linarudi: huo si ubovu. Magari mengi huiweka moduli kwenye usingizi mzito baada ya siku kadhaa bila kuwashwa ili kulinda betri. Hilo likitokea baada ya saa chache tu za kuegeshwa, shuku betri dhaifu.

Kila kitu kimekufa kwa pamoja, SOS, ramani na programu: tatizo liko upande wa gari au mtandao. Endelea.

Kabla hujaendelea, tazama saa na tarehe ya gari. Hili halitajwi sana. Moduli na seva huhakikishana kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na gari linaloamini kwamba ni mwaka mwingine litaona cheti halali kama batili, kisha likatae kuunganishwa hata mnara ukiwa jirani. Tarehe inaweza kuharibika kwa sababu ambayo hukuitarajia. Mfumo wa GPS huhesabu wiki na hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Programu za vipokezi zisizolizingatia hilo vizuri huruka miaka. Januari 2022 saa za baadhi ya magari ya Honda na Acura zilirudi hadi mwaka 2002. Tarehe ikiwa mbovu, liegeshe gari nje penye anga wazi, injini ikiwa inawaka, lipate satelaiti. Isiporekebika, dawa ni sasisho la programu.

Hatua ya 4: Lisogeze gari

Litoe kwenye maegesho ya chini ya ardhi au chini ya paa la bati. Liweke mahali peupe ambapo simu yako ina mawimbi mazuri, injini ikiwa inawaka, usubiri kama dakika 20. Ndiyo, dakika 20. Moduli iliyokataliwa na mtandao mara kadhaa huongeza muda kati ya jaribio na jaribio, na anayesubiri dakika mbili huondoka kabla ya jaribio linalofuata.

Baadhi ya magari yana ukurasa wa siri wa mafundi unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hizi ni hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Kwa 4G, -80 au karibu na hapo ni mawimbi ya nguvu, -100 yanatosha kazi, na chini ya -115 unganisho hukatika-katika. Usijilinganishe sana na simu yako ya mkononi, huenda iko kwenye kampuni nyingine na masafa mengine. Linganisha gari na lenyewe: hapa na pale, leo na baada ya matengenezo. Andika namba. Utazihitaji ukifika kwenye antena.

Hatua ya 5: Kuwasha upya kunakostahili jina hilo

Kushikilia kitufe cha sauti mpaka nembo itokee huwasha upya skrini tu. Moduli ya telematiki ni kompyuta nyingine, na haijui kwamba skrini imezimwa. Kuna ngazi tatu, na uzipande kwa mpangilio.

Kwanza, zima gari, toka na ufunguo uupeleke mbali, funga milango, uliache kama nusu saa. Kompyuta za gari hulala moja baada ya nyingine, na zikiamka huanza upya.

Pili, chomoa fyuzi ya moduli kwa dakika chache, gari likiwa limezimwa. Kifuniko cha kisanduku cha fyuzi au mwongozo wa gari utakuonyesha iko wapi. Ipo hapa mitego: moduli nyingi zina betri yake ndogo ya akiba kwa ajili ya ajali, na betri hiyo huiweka hai hata baada ya fyuzi kutoka. Ndiyo maana kuna mtu anayekuambia alichomoa betri kubwa usiku kucha na hakuna kilichobadilika.

Tatu, amri ya kuwasha upya kutoka kwenye mashine ya kusoma hitilafu, au kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe anayeituma kwa mbali. Omba huduma kwa wateja "watume upya usajili wa laini" kwa ICCID uliyoipiga picha. Kama laini ilisimamishwa kwa kosa la mfumo, hakuna kitu utakachofanya ndani ya gari kitakachoifungua.

Ukiamua kufungua nguzo ya hasi ya betri kubwa, hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama gari lako huiomba, na ujue kwamba vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kufundishwa upya. Kwa gari la haibridi au la umeme, waya na viunganishi vya rangi ya chungwa si vya kuguswa.

Hatua ya 6: Umeme

Chukua multimita. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na hapo gari lenye akili huanza kunyima umeme vifaa lisivyoviona vya lazima, mawasiliano yakiwemo. Injini ikiwa inawaka, tarajia kati ya 13.5 na 14.7. Betri kuukuu inaweza kuwasha injini kila asubuhi na bado ikawa sababu ya moduli kulala mapema. Mimi huanza na betri hata pale mteja anapoapa ni mpya.

Betri ikiwa nzima, pima fyuzi, na usiitazame kwa macho tu. Weka ncha ya mita kwenye kila kidoti cha juu cha fyuzi, pande zote mbili, swichi ikiwa imewashwa. Upande mmoja ukiwa na volti 12 na mwingine hauna, imeungua. Pande zote zikiwa hazina, tafuta nyuma yake: relei au fyuzi kubwa.

Kisha nenda kwenye moduli yenyewe. Hukaa mahali pa ajabu: nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, chini ya kiti, kwenye ukuta wa buti, au chini ya paa karibu na antena. Ukipita karibu na mifuko ya hewa, chini ya viti au kwenye nguzo za paa, ondoa umeme wa gari kwanza na usubiri muda uliotajwa na mtengenezaji kabla ya kuchomoa kiunganishi chochote. Viunganishi vya njano ni vya mifuko hiyo, viache.

Ukiifikia, usipime kwa mlio. Mita ikilia inakuambia tu kwamba kuna njia, na uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya ishirini unatosha kuifanya ilie. Moduli inapotuma hunyonya umeme kwa mikupuo mifupi yenye nguvu, na hapo waya ulioliwa ndipo unapoiangusha. Kwa hiyo pima gari likiwa limewashwa na kiunganishi kikiwa mahali pake, ukiingiza ncha kwa nyuma. Kati ya waya wa chanya na nguzo ya hasi ya betri unataka karibu volti zote za betri. Kati ya waya wa hasi wa moduli na nguzo ya hasi ya betri unataka chini ya volti 0.1. Ukisoma 0.4 au 0.6, umeipata hitilafu: ni pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kuna kutu au rangi chini ya boliti. Kwangua, kaza, pima tena.

Hatua ya 7: Soma hitilafu zilizohifadhiwa

Kisomaji cha bei nafuu kinachoona injini tu hakitakusaidia. Unahitaji kinachoingia kwenye moduli zote za gari lako. Hitilafu ya kawaida kukutana nayo ni U0198, maana yake kompyuta nyingine zimepoteza mawasiliano na moduli ya telematiki. Zenye herufi B hutofautiana kwa kila mtengenezaji na ndizo zinazotaja antena, maikrofoni, kitufe cha SOS au betri ya akiba.

Cha kuuliza ni kimoja: je, mashine inaweza kuongea na moduli? Ikiongea, umeme na waya za CAN viko sawa, na tatizo liko kwenye antena, laini au mtandao. Ikishindwa, na umeme umeshaupima, basi shuku waya za CAN au moduli. Betri ikiwa imefunguliwa, ukinzani kati ya waya mbili za CAN ya kasi unapaswa kuwa karibu omu 60, kwa sababu kuna vikinzani viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, waya zimegusana. Kwenye soketi ya uchunguzi pini ni ya 6 na ya 14, ingawa kwenye magari mapya yenye kompyuta ya lango, pini hizo hazikuonyeshi mtandao wa ndani ambako moduli imeunganishwa. Itabidi upime kwenye kiunganishi chenyewe.

Futa hitilafu, endesha, soma tena. Zilizorudi ndizo za leo. Nyingine huenda ziliandikwa siku betri ilipokufa.

Hatua ya 8: Antena

Mashine inaongea na moduli, laini ni hai, lakini mawimbi ni -118 pale ambapo awali yalikuwa -88. Hapa sasa ndipo pa kufungua paa.

Kebo za antena huishia kwenye viunganishi vya FAKRA, vya plastiki ya rangi, kila rangi na kazi yake: bluu kwa GPS, zambarau iliyoiva kwa simu, nyeusi au nyeupe kwa redio. Kila rangi ina vijino vyake, hivyo huwezi kukosea bila kulazimisha. Moduli za 4G kwa kawaida zina kebo mbili za simu, kuu na ya pili. Ya pili ikichomoka gari bado litafanya kazi, ila kwa uzito, na ndiyo hitilafu inayozungusha watu zaidi.

Chomoa kila kimoja ukitazama ndani kwa tochi. Pini ya katikati iwe imesimama, katikati kabisa, inang'aa. Ikiwa imerudi nyuma hata kidogo, haigusi mwenzake ingawa plastiki imeingia na kulia "tik". Unga wa kijani au mweupe ni maji. Na maji yakiwepo, usisafishe tu ukafunga: yametoka mahali. Mpira ulio chini ya pezi la papa hukauka kwa jua, mvua hupenya kwenye tundu la boliti, na maji hufuata kebo ndani ya nguzo ya paa hadi chini kabisa, kwenye moduli. Tafuta doa la kahawia kwenye kitambaa cha dari karibu na antena. Kulipata doa hilo ni kuipata historia yote.

Kupima kwa mita kuna hila. Kebo peke yake, pande zote mbili zikiwa zimechomolewa, ni rahisi: katikati kwa katikati iwe karibu na sifuri, katikati na ngao ya nje pasiwe na njia kabisa. Antena yenyewe haipimiki hivyo. Nyingine kwa maumbile yake husoma kama imegusana, nyingine zina kikinzani cha ndani cha kuiwezesha moduli kujua kama imeunganishwa. Usihukumu antena kwa omu bila vipimo vya mtengenezaji. Ya GPS ina kipimo kizuri zaidi: moduli huilisha umeme, kwa hiyo kwenye kiunganishi cha bluu upande wa moduli utakuta volti kati ya 3 na 5. Zisipokuwepo, moduli ndiyo yenye lawama.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuazima antena. Antena ndogo ya sumaku yenye FAKRA ya rangi hiyo hiyo, iweke juu ya paa, uchomeke moja kwa moja kwenye moduli, kisha soma dBm. Yakipanda kwa 20, moduli ni nzima na paa lako lina kazi.

Kabla ya kununua antena, kumbuka pia gari limefanyiwa nini. Tinti yenye chembe za metali au kioo cha mbele kilichobadilishwa kwa chenye utando wa metali huziba antena za ndani. Pezi lililopakwa rangi yenye metali, au lililobadilishwa kwa pambo lenye antena ya redio tu ndani yake, ni yale yale. Kamera za dashibodi na chaja za bei poa zinaweza kuvuruga GPS. Zichomoe zote ujaribu tena. Na kama redio ya kiwandani iliondolewa, jihadhari: kwenye baadhi ya magari vifaa vya sauti na mawasiliano viliunganishwa kwa mduara wa nyuzi za mwanga, na ukitoa kifaa kimoja bila kuufunga mduara, vyote hunyamaza.

Hatua ya 9: Mawasiliano yapo, lakini SOS inalalamika

Hapa mshukiwa wa kwanza ni betri ya akiba. Huzeeka hata gari likikaa bila kutembea, na joto la dari huiharakisha. Kwenye baadhi ya moduli hubadilishwa peke yake kwa dakika chache. Kwenye nyingine imefungiwa ndani. Baada yake ni maikrofoni, spika ya dharura na kitufe chenyewe, na hitilafu za herufi B zitakutajia kipi.

Usijaribu kwa kubonyeza SOS. Simu hiyo inapokelewa na watu wanaongoja ajali. Tumia jaribio la ndani la mashine, au namba ya huduma ya kawaida ya mtengenezaji kama ipo. Ikijipiga kwa bahati mbaya, usikate: subiri wapokee, uwaambie hakuna dharura. Ukikata, wanaweza kulazimika kukutafuta.

Hatua ya 10: Moduli yenyewe

Sasa una haki ya kuishuku. Umeme upo chini ya mzigo, hasi ni safi, CAN ni 60, antena ya kuazima haikubadilisha kitu, mtengenezaji amethibitisha laini iko hai, na bado haiongei au haioni mnara. Ifungue uone kama kuna alama za maji. Kama programu yake inaweza kusasishwa kwa kebo, jaribu hilo kwanza. Moduli iliyokatikiwa umeme katikati ya sasisho hufanana kabisa na iliyokufa.

Ya mtumba ni mtego. Imesajiliwa kwa namba ya chasi ya gari lingine, laini yake ina mwenyewe, na funguo zake za siri ziko kwenye seva. Itaingia, itawaka, itakataliwa. Mpya nayo si kuchomeka na kuondoka: huandikwa namba ya chasi kwa mashine ya mtengenezaji, kisha husajiliwa kwenye seva gari likiwa nje penye mawimbi. Ulizia gharama ya kazi hiyo kabla ya kununua kipande, maana wauzaji wengi hukutajia bei ya kipande tu.

Ukimaliza, rudi pale pale ulipopima mwanzo usome dBm upya, tuma amri ya kufunga milango ukiwa umezima Bluetooth na Wi-Fi ya simu, na angalia kama mahali pa gari kwenye ramani ni pa sasa. Halafu kuna kipimo ambacho wengi hukiruka: weka mita kwa mfululizo kwenye waya wa hasi wa betri, yaani mkondo upite ndani ya mita, funga gari, subiri lilale. Mkondo unapaswa kushuka chini ya miliampea 50 hivi. Usiwashe wala kufungua chochote chenye mzigo mkubwa mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi yake. Mkondo ukibaki kwenye mamia, moduli bado iko macho, na mara nyingi ni usajili kwenye seva ambao haujakamilika.